UZI: Bakshishi na hela za watu ukiwa nje ya nchi, tuambiane kabla hujavuka Tunduma

Mama_Parachichi (Tukuyu)

Wakuu salaam, ndaga fijo kwa wote mliopo. Kuna mdada wa Uyole kaniuliza juzi eti huko Ulaya mhudumu unamwachia shilingi ngapi, nikaanza kumjibu nikajikuta naongea saa nzima mpaka chai imepoa, nikasema hapana, hii niiandike wengi waione maana kila mwaka ndugu zetu wa huku juu wanaumia kwa mambo ya hela ambayo mtu angewaambia mapema yasingewakuta.

Nianze na nilikotoka ili mnielewe. Kabla sijaingia kwenye parachichi nilikua mhudumu kwenye kambi moja ya watalii njia ya Ruaha, ile ya kutoka Iringa mjini unapita Tungamalenga. Mshahara ulikua mdogo, kilichomsomesha mdogo wangu ni sanduku la tipu, yaani bakshishi za wageni. Mwisho wa mwezi linafunguliwa mbele ya wote, mpishi, mlinzi, dereva, wa kufua mashuka, tunagawana. Sasa humo ndani mnakuta dola moja moja zimekunjwa mara nne, mnakuta zile za zamani zenye kichwa kidogo, mnakuta randi, mnakuta noti imeandikwa namba ya simu kwa peni. Tukizipeleka mjini wanazitandaza mezani, wanazimulika, zinaanza kurudi moja moja, hii imechanika, hii imechorwa, hii ya zamani sana. Zinazopona wanazichukua kwa reti ya chini kwasababu ni noti ndogo, yan dola 1 na dola 5 hazibadilishwi kwa bei ya dola 100 japo ni dola zilezile.

Kuna mzee mmoja mgeni, mtu mwema kabisa, nilimhudumia siku sita. Asubuhi ya kuondoka akanishika mkono akanimiminia sarafu kiganjani, saba, za euro mbili mbili, zile za katikati njano pembeni nyeupe. Euro 14! Kwangu ilikua hela ya maana. Nikaomba ruhusa nikapanda gari mpaka mjini, nimepanga foleni, dada wa dirishani akazirudisha kwa upole, sarafu hatuchukui, tunachukua noti tu. Nikaenda benki ya pili jibu likawa hilohilo. Nauli ikaenda bure na siku ikaenda, sarafu nikazitia kwenye kopo la majani ya chai zikakaa humo miaka.

Yule mzee alinipa kwa moyo mweupe na mpaka leo namuombea heri. Lakini ndo nilipojifunza kwamba bakshishi inahesabika pale tu yule uliyempa anaweza kuitoa dukani jioni ileile akapewa unga. Hili ndo jambo langu kubwa kwenye uzi huu, kwasababu sisi nasi tukivuka mpaka tunakua wageni, na nimeona Watanzania kwa macho yangu wanamwachia mhudumu wa Lusaka noti ya elfu mbili yetu wanaondoka wanacheka. Ataipeleka wapi?

Mwaka 2019 nikapata nafasi ya kwenda Berlin kwenye maonyesho ya matunda, yale ya kila Februari, Fruit Logistica. Nikabeba lile kopo. Vyoo vingi vya umma kule unalipia, na kimoja nilichoingia mlangoni kilikua na kimeza kina sahani ndogo, pembeni mama amevaa aproni anafuta sinki. Sarafu ya kwanza ya yule mzee niliiweka kwenye ile sahani, ikalia, yule mama akaniangalia akatabasamu. Nilisimama pale kidogo nikawakumbuka wenzangu wa kambini.

Alafu nikakosea kwenye kahawa. Bili ilikua euro 16 na senti 50, nikampa kijana noti ya 20, nikasema "danke" nikijua nashukuru tu kama binadamu. Akashukuru akaenda zake. Nikangoja chenji wee, haiji. Mwenyeji wangu ndo akanieleza kwamba Ujerumani ukitoa hela ukasema danke palepale umemwambia chenji baki nayo. Wenzetu hawaachi hela mezani, wanataja jumla wanayotaka kulipa, bili 16.50 unampa 20 unasema kumi na nane, anakurudishia 2. Na kiwango chao ni kukamilisha au asilimia 5 mpaka 10, basi. Mshahara wao wanalipwa kamili.

Kwahiyo kila nchi na mwendo wake. Mliotembea leteni ya kwenu.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Dada umeongea. Mimi napiga Dar Tunduma Nakonde mpaka Lubumbashi mwaka wa kumi na moja sasa, naomba niwaambie kuhusu Tunduma kwanza kabla hamjafika hata hizo Ulaya.

Wale vijana wa kuchenji hela barabarani wengi ni watafutaji tu kama sisi na ni haraka kuliko dirishani, lakini wapo wenye mchezo na mchezo wenyewe ni huu. Anahesabu kwacha, hela ya Zambia, mbele yako, zimetimia. Anakupa uhesabu, unakuta imepungua kumi. Anasema samahani mkuu lete niongezee, unampa bunda lote, anaweka ile kumi juu mbele ya macho yako na kidole cha chini kinavuta nne tano anazikunja ndani ya kiganja. Wewe umeshaona hela imetimia mara mbili kwahiyo huhesabu tena, unatia mfukoni. Nimeona mtu mzima na heshima zake analia pale karibu na geti. Dawa yake ni moja, ukishashika bunda HALIRUDI mkononi kwake, mwambie aongeze iliyopungua juu ya mkono wako, na ya kwako asiishike mpaka umemaliza. Akikataa mwache, dirisha la benki lipo.

Congo sasa. Kule dola inatumika kama hela ya nyumbani, unanunua maji unarudishiwa faranga. Ila dola ikiwa na mpasuko hata wa kucha pembeni hawaitaki, faranga yenyewe hata ikiwa chakavu kama kitambaa cha jiko wanapokea. Mimi dola zangu nazilaza katikati ya daftari la safari, sizikunji kabisa na sikalii waleti. Na nachukua zile mpya za mia zenye utepe wa bluu, zilizoanza kutoka 2013.

Mzee_Kyela

Vijana habari za huko. Naongeza la Malawi kwasababu sisi mpaka wa Kasumulu ni uani kwetu.

Kwacha ziko mbili. Ya Zambia na ya Malawi. Neno lenyewe kwa wenzetu maana yake kumekucha, walilipigia kelele wakati wa kudai uhuru wote wawili, na senti ya Malawi inaitwa tambala yaani jogoo. Jina moja ila thamani ni mbingu na ardhi, kwacha moja ya Zambia inanunua makumi ya kwacha za Malawi. Mtu mgeni akishikishwa bunda la Malawi akiambiwa ni kwacha anaona kapewa nyingi. Soma noti imeandikwa benki ya nchi gani, ndo uitie mfukoni.

Pili, Malawi bei ya benki na ya mtaani zinaachana sana. Novemba 2023 waliishusha hela yao mpaka dola ikapanda asilimia 44 kwa siku moja, na mtaani dola bado iliendelea kuwa juu. Wengine watakuambia badilisha mtaani upate zaidi, mimi nasema huo ni uvunjaji wa sheria kwao na ukikamatwa wewe ni mgeni huna shangazi pale. Badilisha kidogo kidogo unayohitaji maana ukirudi nazo huku Kyela hakuna anayezitaka kwa bei uliyonunulia.

Na noti za zamani. Zambia walifuta sifuri tatu tarehe 1 Januari 2013, elfu hamsini ikawa hamsini. Jirani yangu aliuza mpunga akalipwa zile za elfu hamsini za zamani baada ya mwaka kupita, gunia nne zikaenda hivyo, nilikuwepo akizianika mezani mkewe ameshika mdomo. Namkumbuka kila nikiona noti nisiyoijua.

Kijana_wa_Mafinga

Kamwene wakuu. Mimi nilipelekwa Texas wiki tatu kwa mafunzo ya mambo ya mbao na kwakweli Marekani ni dunia nyingine kwenye hili.

Siku ya kwanza tumekula, bili kama dola 40, nimetoa kadi, dada kaja na risiti ina mistari miwili mitupu, mmoja wa tipu mmoja wa jumla. Mimi nikadhani ni fomu tu nikaandika jumla ileile nikasaini. Yule dada akarudi ameshika ile risiti, anauliza kwa adabu kama kuna kitu amenikosea. Nikasema hapana chakula kizuri. Akasimama kidogo akaondoka, macho yamebadilika. Mwenzangu wa pale ndo akaniambia umemwachia sifuri.

Asilimia 15 mpaka 20 ndo kawaida ya mgahawa wa kukaa. Kuna njia ya mkato, Texas kodi ya chakula iko kama asilimia 8 na kitu, angalia kodi kwenye risiti izidishe mara mbili umefika 16 na ushee bila kikokotoo. Kesho yake nilirudi palepale nikamtafuta nikampa dola 8 za jana mkononi.

Mkinga_Biashara

Mimi naomba nitofautiane na nyie. Kwanini mimi nilipe mshahara wa mfanyakazi wa mtu? Mimi nina duka Mwanjelwa, vijana wangu nawalipa mwenyewe, mteja hawajibiki. Nimenunua chakula bei imeandikwa nimelipa bei, tumemalizana. Hiyo asilimia 20 ni kutuonea tu.

Kijana_wa_Mafinga

Kaka nakuelewa na mimi niliuliza hivyohivyo. Ila sheria yao ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa kupokea tipu dola 2 na senti 13 kwa saa, na hicho kiwango hakijapanda tangu 1991. Mfanyakazi wa kawaida kima ni dola 7.25 tangu 2009. Mwajiri anatakiwa ajazie kama tipu hazikufika hiyo 7.25, kwenye karatasi ndo hivyo. Majimbo mengine kama California na Washington wanalipa kima kamili bila kujali tipu. Ila Texas ni hiyo 2.13. Sasa ukikaa mezani saa nzima ukamwachia sifuri wewe mfumo hujauumiza hata kidogo, umemuumiza yule dada.

Mama_Parachichi (Tukuyu)

@Mkinga_Biashara kaka yangu na mimi natamani kila mwajiri awe kama wewe, kweli kabisa. Mimi nimekaa upande wa pili wa ile sahani. Kama unaona utaratibu wao sio wa haki kula sehemu ya kujihudumia, chukua trei mwenyewe, hapo huna deni na mtu. Lakini ukikaa ukahudumiwa ukijua mwenzako anakula kwa hiyo, lipa. Ugomvi na mwajiri usiupeleke kwenye mfuko wa mhudumu.

Mkinga_Biashara

Sawa dada, hiyo ya kujihudumia nimeipenda. Nimekubali nusu.

Bint_Uyole

Mi nimesoma China miaka minne na huko ni kinyume kabisa jamani. Mwezi wa kwanza nimekula tambi kwa mama mmoja nikaacha yuan 5 mezani, nimefika kona nasikia mtu ananiita anakimbia na aproni yake amezishika mkononi. Nikamwambia ni zako, akakataa kata kata akanirudishia. Kwao bei ni bei. Na Japani wanasema ni hivyohivyo, unaweza kumwaibisha mtu. Ukitaka kushukuru inama kidogo useme asante vizuri, inatosha.

Alafu hela taslimu kule China watu hawana hata chenji, kila kitu simu, mpaka anayeuza viazi vya kuchoma ana ile picha ya kuskani. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi ya nje kwenye Alipay au WeChat, fanyeni hiyo mkiwa bado Mbeya, sio umeshatua uwanja wa ndege saa nane usiku huna intaneti.

Mama_wa_Forest

Mimi nilimpeleka mama India kutibiwa. Rupia usihangaike kuitafuta huku, badilisha ukifika uwanjani kidogo na mjini zaidi, na ile karatasi wanayokupa ya kubadilishia TUNZA maana ukirudi bila hiyo wanagoma kukurudishia dola. Mgahawani asilimia 10 inatosha, na wakiongeza chaji ya huduma kwenye bili wenyewe unaweza kuikataa, mamlaka yao ya walaji ilipiga marufuku kuilazimisha mwaka 2022.

Kaka aliyekua anamsukuma mama kwenye kiti kila siku, nilimpa siku ya mwisho kwenye bahasha ya khaki, mkono wa kulia, nimemwita pembeni. Mama aliniambia mpe kwa heshima huyu amenibeba kama mwanangu.

Fundi_Iringa

Naomba kuuliza na mimi, shangazi yangu alitoka Uingereza akaniachia pauni 40 za karatasi mbili za ishirini, nimezunguka Iringa nzima hawazitaki wanasema za zamani. Ndo basi tena?

Mama_Parachichi (Tukuyu)

Hapana kaka usizitupe. Pauni za karatasi za 20 na 50 zilikoma kutumika madukani tarehe 30 Septemba 2022, sasaivi zinazotembea ni za plastiki. Lakini Benki Kuu ya Uingereza inaendelea kuzibadilisha na haina tarehe ya mwisho. Mrudishie shangazi akienda azipeleke. Wakenya nao elfu moja ya zamani waliifuta 2019, hiyo ukipewa ni ukumbusho.

Na hapohapo Uingereza, angalia bili kabla hujaongeza kitu, restoranti nyingi zinaweka asilimia 12.5 tayari. Ukiikuta imeandikwa huongezi. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi tipu yote bila kukata, nilifurahi kama vile nilipigiwa kura mimi.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Kitu kingine watu wanachanganya. Bakshishi na rushwa. Bakshishi unaitoa baada ya kazi kwa hiari yako na mtu hakukuzuilia kitu. Yule anayeshika pasipoti yako anazungusha zungusha muhuri anasema "mkuu niachie ya maji", hiyo sio tipu hata akiita asante. Mimi namwambia nipo tayari kulipa, naomba risiti ya serikali. Mara nyingi muhuri unagongwa. Upande wetu namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, bure.

Tumaini_Mbalizi

Shikamooni wakubwa. Dada mimi nasafiri Lusaka Jumatatu mara yangu ya kwanza, semina siku nne. Nina kadi ya benki na laki tatu taslimu. Nifanyeje?

Mama_Parachichi (Tukuyu)

Marahaba mdogo wangu. Nenda benki kesho uwaambie unasafiri, wafungue kadi itumike nje, wengi wanakwama hapo tu. Ukilipa kwa kadi mashine ikikuuliza ulipie kwa shilingi au kwacha chagua KWACHA, ukichagua shilingi wanakupigia reti yao wenyewe na inauma. Taslimu usibadilishe zote mpakani, badilisha ya siku mbili, zigawe, nyingine kwenye begi nyingine mwilini, na ya nauli ya taksi iweke mfuko wake ili usifungue waleti mbele za watu. Mgahawani Lusaka asilimia 10 ni heshima nzuri, wa kubeba begi mpe noti ndogo ya kwacha. Kwa hiyo omba ndogo ndogo toka mwanzo, maana ukiwa na mia tupu utaishia kutompa mtu au kutoa kuliko uwezo wako.

Mimi nina kwacha ndogo zilibaki safari ya mwisho, za kumi na ishirini. Jumamosi nashuka Mwanjelwa na mzigo, njoo nikupe.

Mzee_Kyela

Mama angalia kwanza hizo. Zambia walitoa noti mpya tarehe 31 Machi 2025, na za zamani walizipa mwaka mmoja tu, mpaka 31 Machi 2026. Usimpe mtoto karatasi.

Mama_Parachichi (Tukuyu)

Asante sana mzee wangu, nimeinuka sasaivi nimefungua kopo. Zipo tano, mbili za zamani na tatu mpya. Tumaini hizo tatu ni zako, nitazifunga kwenye karatasi kavu. Nipigie ukifika stendi.